Barua ya wazi: Taji la jino lisilo na jina wala namba

Dar es Salaam

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa mamlaka zinazosimamia vifaa tiba, maabara za meno na taaluma ya afya ya kinywa na meno,

YAH: USALAMA WA MALIGHAFI ZINAZOTUMIKA KUTENGENEZA MATAJI NA MADARAJA YA MENO

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni madaktari wa meno na mafundi sanifu wa maabara za meno tunaofanya kazi jijini Dar es Salaam. Jambo hili tumeshalileta kwenu kwa barua mara mbili, na mara moja tukalisema kwa mdomo kikaoni. Barua zilipokelewa na kugongwa muhuri. Majibu hayakuja. Sasa tunaliandika hadharani kwa sababu wenye vinywa vinavyohusika hawakuwepo kwenye kikao kile.

Hoja yenyewe ni hii. Taji la jino, ambalo wengi mtaani wanaliita kofia ya jino, likishagandishwa kwa simenti, mara nyingi hakuna anayeweza kusema kwa uhakika limetengenezwa kwa kitu gani. Mgonjwa hajui, daktari anakisia, na wakati mwingine hata fundi aliyelimimina hajui. Chupa ya maji inayouzwa kwenye foleni ya Mwenge ina jina la kiwanda, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda wake. Taji la laki kadhaa, litakalolowa mate usiku na mchana kwa miaka kumi au zaidi, halina hata kimoja kati ya hivyo.

Wasiwasi wetu tunaupanga kwa namba ili iwe rahisi kutujibu.

1. Aloi inauzwa kwa kupimiwa, bila pakiti yake

Taji linalotumika sana hapa kwetu ni la kaure juu ya chuma. Ndani kuna ganda jembamba la aloi, yaani mchanganyiko wa metali, unene wa milimita 0.3 hadi 0.5, na juu yake kaure ya rangi ya jino. Aloi hiyo huwa ya nikeli na kromi, au ya kobalti na kromi. Inatoka kiwandani ikiwa vipande vidogo vya mviringo, mfano wa chaki iliyokatwakatwa, kila kimoja gramu chache. Kwenye boksi pameandikwa mtengenezaji, namba ya toleo, asilimia ya kila metali, joto la kuyeyuka na kiwango cha kutanuka kwa joto.

Halafu boksi linafunguliwa dukani. Vipande vinawekwa kwenye mizani, vinatiwa kwenye kifuko kisicho na maandishi, na juu yake muuzaji anaandika kwa kalamu herufi mbili tatu. Taarifa zote zilizokuwa kwenye boksi zinabaki dukani, na boksi likiisha zinatupwa nalo. Weka vipande viwili kiganjani, kimoja chenye sumu na kingine kisicho nayo: vyote vya kijivu, vyote vinang'aa, na uzito unakaribiana. Jicho la fundi mwenye miaka ishirini kazini haliwezi kuvitofautisha.

Hasara ya kwanza inaonekana kwenye tanuri. Kaure na chuma chake lazima vitanuke na kusinyaa kwa viwango vinavyokaribiana, chuma kikizidi kidogo tu, ili taji likipoa kaure ibaki imebanwa. Aloi nyingi za kazi hii hutanuka kama sehemu 14 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto, na kaure yake kama sehemu 13 katika milioni. Fundi asiyejua namba ya aloi aliyonayo analinganisha kwa kubahatisha. Taji linatoka zuri, linapita kwenye kioo cha daktari, na baada ya miezi kadhaa kaure inabanduka kwenye jino la kutafunia. Mgonjwa anaambiwa alitafuna mfupa.

Hasara ya pili iko kwenye masalia. Kila chuma kikimiminwa, donge hubaki pale kilipoingilia. Donge hilo linaweza kurudishwa tanurini, lakini si peke yake: utaratibu unaokubalika ni angalau nusu ya uzito iwe aloi mpya ya aina hiyohiyo, na ikiwezekana ya toleo hilohilo. Sababu ni kwamba kila yeyusho huunguza baadhi ya metali na kuacha nyingine, hivyo mchanganyiko unahama polepole kutoka ule ulioandikwa na kiwanda. Pale ambapo madonge ya nikeli na ya kobalti yanakaa kwenye kopo moja la maziwa ya unga, kinachomiminwa kesho yake hakijapimwa na kiwanda chochote duniani. Kromi ikishuka, tabaka la oksidi linalokikinga chuma dhidi ya mate na asidi ya chakula hudhoofika. Matokeo yake ni ayoni za metali kuvuja na ukingo mweusi kwenye ufizi ambao mswaki hauwezi kuutoa.

2. Berili

Hili ndilo linalotuumiza zaidi, maana madhara yake hayaonekani siku ya kazi.

Baadhi ya aloi za nikeli na kromi huongezwa berili, kwa kawaida hadi asilimia 2 ya uzito. Inashusha joto la kuyeyuka, inafanya chuma kijaze kalibu ya kumiminia hadi kwenye kingo nyembamba, na inasaidia kaure kushika. Fundi anaipenda kwa sababu kazi inatoka safi mara ya kwanza. Tunalisema hili wazi ili mjue kwa nini inaendelea kununuliwa.

Asilimia 2 inasikika kama kitu kidogo. Lakini berili ni metali nyepesi mno. Atomi yake ina uzito wa 9 tu, na ya nikeli inakaribia 59. Asilimia 2 kwa mizani ni takriban atomi 11 katika kila atomi 100 za aloi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka berili katika Kundi la 1, yaani vitu ambavyo ni hakika vinasababisha saratani kwa binadamu. Vumbi lake pia huleta ugonjwa sugu wa mapafu ambao unaweza kuanza miaka mingi baada ya kulivuta: kikohozi kikavu, kuishiwa pumzi, kupungua mwili. Katika nchi yenye kifua kikuu kama yetu, fundi mwenye dalili hizo atapimwa makohozi na kupewa dawa, na hakuna atakayemuuliza alikuwa akisaga nini.

Mgonjwa mwenye taji lililopolishiwa vizuri hayuko kwenye hatari sawa na fundi. Hatari kubwa iko mahali pawili. Pa kwanza ni benchi la kumalizia, ambapo ganda husagwa kwa jiwe linalozunguka maelfu ya mara kwa dakika, sentimita ishirini kutoka puani mwa fundi, na vumbi la kijivu likitua kwenye nywele za mikono yake. Pa pili ni kiti cha daktari pale taji la zamani linapokatwa ili litolewe: bila maji ya kutosha na bomba la kufyonza lenye nguvu, vumbi linawafikia mgonjwa, daktari na msaidizi wake. Barakoa ya kitambaa au ile ya bluu ya upasuaji haizuii chembe hizo. Inatakiwa ya daraja la N95 au zaidi, na hata hiyo haichukui nafasi ya mashine ya kufyonza iliyofungwa benchini.

Kiwango cha kimataifa ISO 22674 kimeshalimaliza suala hili: berili na kadmi, metali nyingine yenye sumu, kila moja isizidi asilimia 0.02 ya uzito wa aloi ya meno. Marekani, mamlaka ya usalama kazini ilitoa tahadhari maalumu kwa maabara za meno mwaka 2002, na mwaka 2017 ikashusha kiwango kinachoruhusiwa hewani kutoka maikrogramu 2 hadi 0.2 kwa mita ya ujazo. Hatuombi mgundue jambo jipya.

Tukiwa bado kwenye vumbi: mchanga wa kupulizia taji ili lisafike uwe oksidi ya alumini, chembe za maikroni 50 hadi 110. Mchanga wa kawaida uliochekechwa una silika, na silika huharibu mapafu kwa njia yake yenyewe.

3. Nikeli, na mgonjwa asiyeulizwa

Aloi ya nikeli na kromi hubeba nikeli asilimia 60 hadi 80. Nikeli ni miongoni mwa visababishi vikuu vya mzio wa ngozi, hasa kwa wanawake, kwa kuwa kutoga masikio na kuvaa hereni za bei ya chini huuzoesha mwili kuichukia. Mtu wa namna hiyo akiwekewa taji, anaweza kupata ufizi mwekundu unaozunguka jino hilo moja tu, kuwashwa midomo, au upele mahali pengine kabisa mwilini. Faili lake linaandikwa kwamba hapigi mswaki vizuri.

Maswali matatu yanatosha kuanzia, na hayachukui dakika moja: je, hereni za kawaida zinakuwasha? Je, kitufe cha jinzi kimewahi kukuachia alama tumboni? Je, mkanda wa saa wa chuma unakutoa vipele? Jibu la ndiyo lipeleke kwenye kipimo cha kubandika ngozini, kinachosomwa baada ya saa 48 na tena siku moja au mbili baadaye, au lipeleke moja kwa moja kwenye malighafi nyingine. Lakini daktari anawezaje kuepuka nikeli ikiwa kifuko cha maabara hakisemi imo au haimo? Kiwango hichohicho cha ISO kinataka aloi yenye nikeli zaidi ya asilimia 0.1 iandikwe hivyo kwenye pakiti.

Wala tusikimbilie kusema kobalti ndiyo salama, basi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2021 Umoja wa Ulaya umeiweka kobalti katika kundi la vitu vinavyochukuliwa kuwa vyaweza kusababisha saratani na kudhuru uzazi. Taji lililomiminwa na kupolishiwa vizuri bado linatumika huko, ila lazima taarifa iandikwe.

4. Zirkonia nyeupe nayo ina maswali yake

Wagonjwa wengi wanaombwa walipe zaidi kwa sababu zirkonia, kauri nyeupe ngumu inayochongwa kutoka kwenye diski, haina chuma. Ni malighafi nzuri, na tunaitumia. Tatizo ni kwamba jina moja linabeba vitu tofauti. Yenye itria, oksidi inayoiimarisha, asilimia 3 kwa hesabu ya moli huwa na nguvu ya zaidi ya megapaskali 1,000, kipimo cha kustahimili kuvunjika. Ile inayopitisha mwanga vizuri, yenye itria asilimia 5, inakaa karibu na 600. Kiwango cha ISO 6872 kinataka angalau megapaskali 800 kwa daraja, yaani meno bandia yaliyoungana kuziba pengo, la meno manne au zaidi. Fundi akichonga daraja refu la nyuma kwa diski ile ya pili kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, litapasuka kwenye kiungo, na kiungo ndicho mahali ambapo hakuna ukarabati.

Kila diski pia husinyaa kwa takriban asilimia 20 ikichomwa kwenye nyuzi 1,450 hadi 1,550 za Selsiasi. Kiasi halisi cha kusinyaa huandikwa kwenye diski yenyewe, tofauti kwa kila toleo, na kompyuta inahitaji namba hiyo ili ichonge taji kubwa kwa kiasi sahihi. Diski isiyo na namba, au yenye stika ya toleo jingine, inazaa taji lisilokaa. Fundi analisaga kwa ndani mpaka likae, nafasi inabaki kwenye ukingo, simenti inayeyuka, jino linaoza chini ya taji jipya. Uozo huo hauna kemia ya ajabu. Umetokana na stika.

Kwa ukamilifu tuseme pia kwamba ISO 6872 imeweka kikomo cha mionzi ya asili katika kaure na zirkonia, bekereli 1.0 kwa gramu kwa urani-238, kwa kuwa madini ya zirkonia huchimbwa yakiwa na urani kidogo. Unga uliosafishwa vizuri hauna shida. Uthibitisho wake ni cheti cha toleo, nacho huja na boksi.

5. Resini za kuchapisha

Resini ni plastiki ya majimaji inayochapishwa kuwa taji kwa mashine, kisha kugandishwa kwa mwanga. Iliyoandikwa ya muda inawekwa kama ya kudumu, au inaoshwa haraka bila kukaushwa kwa mwanga kwa muda uliopangwa. Kemikali ambayo haijaganda inabaki ndani na kuvujia kwenye ufizi. Kwa sasa tunaomba tu iwemo kwenye orodha yenu.

Waheshimiwa, majibu tutakayopewa tunayajua, maana mengine tumeshayasikia pembeni.

Mtasema gharama zitampandia mgonjwa. Tupige hesabu. Ganda la taji moja ni kama gramu 2. Hata kama aloi isiyo na berili ingekuwa ghali zaidi kwa shilingi 200,000 kwa kilo, taji linaongezeka shilingi 400. Ukihesabu na donge la masalia, weka 800. Hiyo inakaribia nauli ya daladala, kwenye kazi ya laki kadhaa.

Mtasema hakuna malalamiko yaliyoletwa. Mgonjwa asiyejua amewekewa nini atalalamikia nini? Na daktari anayeona ufizi mwekundu hana fomu ya kujaza wala namba ya toleo ya kuandika.

Mtasema mzigo una alama ya CE, ile ya kukidhi sheria za soko la Ulaya. Aloi ya meno kwa sheria za Ulaya ni kifaa ambacho alama yake lazima ifuatwe na tarakimu nne za taasisi iliyoikagua. Alama iliyo peke yake, bila tarakimu, kwenye boksi la aloi ni dalili ya kuzuia mzigo na kuuliza. Vilevile karatasi inayosema kiwanda kimesajiliwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, haina maana kwamba bidhaa imeidhinishwa. Kusajili kiwanda na kuidhinisha bidhaa ni mambo mawili.

Na huenda mkasema mtapima kwa ile bunduki ya eksirei inayotumiwa na wanunuzi wa dhahabu. Ni chombo kizuri kwa nikeli, kromi, kobalti, kadmi na risasi. Berili hakiioni kabisa, kwa kuwa eksirei zake ni dhaifu mno na humezwa na hewa kabla ya kufika kwenye kipokezi. Aloi yenye berili itapita ikiwa safi. Berili inahitaji kipande kiyeyushwe kwa asidi na kusomwa kwenye mtambo wa plazma katika maabara ya kemia. Tafadhali mkumbuke hili, maana upimaji usiojua hivyo utatoa cheti kwa sumu.

Lipo na lile la kwamba maabara ndogo za mtaani zitafungwa. Hatutaki zifungwe, na baadhi yetu ndio wenye maabara hizo. Tunaomba zipewe muda wa mpito na maelekezo ya maandishi.

Tunachoomba ni hiki. Marufuku itangazwe kwa aloi ya meno yenye berili au kadmi zaidi ya asilimia 0.02, na kwa uuzaji wa aloi au diski nje ya pakiti yake ya asili. Anayetaka nusu kilo auziwe pakiti ya nusu kilo iliyofungwa kiwandani.

Kila taji na daraja liondoke maabara na kadi. Tumeichora, inatosha ukubwa wa kitambulisho: jina la malighafi na mtengenezaji, namba ya toleo, asilimia za metali kuu, nikeli ipo au haipo, jina la maabara, tarehe. Nakala moja ibaki kwenye faili la daktari, nyingine apewe mgonjwa. Baadhi ya majimbo ya Marekani, Florida likiwamo, yanaitaka maabara imwandikie daktari kazi ilitengenezwa wapi na kwa malighafi gani. Mjadala wa aina hiyo ulipamba moto huko mwaka 2008, baada ya risasi kukutwa kwenye taji lililotengenezwa nje ya nchi.

Ndani ya maabara liwepo daftari, mstari mmoja kwa kila kazi: namba ya kazi, aloi na toleo, gramu mpya, gramu za masalia, kaure na toleo lake, joto la tanuri. Mkaguzi akifika aombe daftari hilo, kisha asikilize kama mashine ya kufyonza vumbi inafanya kazi. Mambo hayo mawili yatamwambia zaidi kuliko vyeti vya ukutani.

Sampuli zichukuliwe madukani bila taarifa, zipimwe kwa njia inayoiona berili, na matokeo yatangazwe kwa namba za toleo. Mataji yanayotolewa vinywani yasitupwe tu. Yakiwekwa kwenye kifuko chenye namba ya faili, yatakuwa sampuli za bure. Na iwepo fomu moja ya kuripoti madhara, yenye nafasi ya namba ya toleo.

Mafundi wa muda mrefu wapimwe mapafu, kwa kuanzia picha ya kifua na kipimo cha pumzi, na historia ya kazi yao iandikwe kwenye faili kabla ya kuanzishiwa dawa yoyote ya kifua.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 60 tangu kutangazwa kwa barua hii, yakijibu namba kwa namba. Tuko tayari kufika siku na saa mtakayopanga, tukiwa na mfano wa kadi, mfano wa daftari, na vifuko vya aloi visivyo na maandishi jinsi tulivyovinunua, vikiwa na risiti zake.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Madaktari wa meno na mafundi sanifu wa maabara za meno,
Dar es Salaam